Meza Yenye Meno

Vumbi likipata moto juu ya nyaya lina harufu yake. Si moshi, si kuungua. Ni harufu kavu yenye utamu kwa mbali, kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Mwezi uliopita niliisikia tena, chumbani kwa eeddo yangu Shukri pale Garissa, siku ya nne baada ya kumzika, nikakaa chini sakafuni kama mtoto aliyepotea sokoni. Kwetu Wasomali eeddo ni shangazi, dada wa baba. Naye aliniita eeddo vilevile, kwa maana kwa desturi yetu mkubwa na mdogo huitana kwa neno moja, kila mmoja akimrudishia mwenzake. Tangu afe hakuna anayeniita hivyo, na linaniuma kuliko nilivyotarajia.

Alikuja kwetu mwaka ule watu walipomiminika kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa sijafika darasa la pili. Wengine walishuka kwenye lori na masufuria, magodoro, dhahabu iliyoshonwa ndani ya pindo. Eeddo Shukri alishuka na kitu kirefu kilichoviringwa kwa blanketi mbili na kufungwa kwa kamba za kufungia mizigo ya ngamia, na hakumruhusu mtu yeyote kumsaidia kukibeba isipokuwa baba. Blanketi zilipofunguliwa sebuleni, Ayeeyo, bibi yangu, alikizunguka mara mbili na bakora yake. Kilikuwa na mbao pande mbili, chuma cheusi juu, na safu ya meno meupe na meusi.

"Shukri," alisema, "watu wamekimbia vita wakibeba chakula. Wewe umekimbia na meza yenye meno?"

Jina likashika. Hakuna aliyekiita kinanda nyumbani kwetu. Ayeeyo alisema wazi kwamba hataki muziki katika nyumba anamoswalia, na eeddo hakubishana naye. Alikiweka chumbani kwake karibu na soketi, akakifunika kwa kitambaa, na baada ya wiki mbili juu yake palikuwa na chupa ya chai, kopo la sukari na chetezo cha uunsi, ule uvumba wetu wa jioni. Wageni walioingia chumbani waliweka vikombe vyao pale bila kuuliza kuna nini chini. Kitu kile kilikaa miaka mingi kikidharauliwa, na nadhani eeddo alipenda hivyo.

Kilikuwa cha mume wake, Adeer Libaan, yaani Ami Libaan. Alikipiga harusini kule Mogadishu. Alikinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Adeer mwenyewe alibaki nyuma kwa ajili ya mama yake mzee ambaye asingeiweza safari ya lori. Wiki moja tu, alimwambia eeddo, nitakufuata. Kisha akamwonyesha vile vifundo vya kuzungusha vilivyojaa upande wa mbele wa kile chuma, kama kile cha redio cha kutafutia stesheni, ila hapa vilikuwa zaidi ya thelathini. Alikuwa ametafuta sauti moja kwa siku nyingi na siku hizo za mwisho, risasi zikilia mtaa wa pili, akaipata. Vifundo visiguswe, alisema. Nikija nitaimalizia.

Haya niliyajua baadaye sana. Nilichokijua wakati ule ni kile nilichokiona kwa macho, na macho ya mtoto huona sana na kuelewa kidogo.

Nilichokiona ni hiki. Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, kabla jua la Garissa halijaanza kutuchoma, eeddo alitoa vikombe juu ya meza yenye meno, akakunja kitambaa, akakichomeka kwenye soketi. Baba alikuwa karani wa serikali, ndiyo maana tulikuwa na umeme, ukiamua kuja. Taa nyekundu iliwaka. Eeddo alingoja muda wa kuchemsha chai, na chumba kikaanza kunuka ile harufu ya vumbi lenye moto. Kisha akavaa hedifoni kubwa masikioni, akafumba macho, akabonyeza meno matatu. Matatu tu, yaleyale. Hakuwa mpigaji, hayo ndiyo aliyofundishwa. Mimi niliyelala kwenye mkeka miguuni pake sikusikia kitu, ila kucha zake zikigusa meno. Alikaa hivyo kwa muda, midomo ikimtetemeka, kisha akazima. Jua likipanda hakukigusa, kwa sababu joto lilikichanganya akili.

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande ule mtaikumbuka taar. Kabla ya simu za mkononi, mtu aliyekuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka alikwenda kwenye chumba cha redio ya mawasiliano. Yetu ilikuwa nyuma ya soko, waya mrefu umevutwa kutoka paani, betri ya gari sakafuni, na mwenye taar amekaa mbele ya sanduku la chuma lenye taa nyekundu, hedifoni masikioni, akizungusha vifundo. Kila Alhamisi eeddo alinishika mkono tukaenda. Tulikaa barazani na wanawake wengine tukingoja jina letu. Mwenye taar aliita Mogadishu, akazungusha, mawimbi yakafoka, akazungusha tena, na ghafla sauti ya mtu ikatokea ndani ya ule mfoko kama mtu anayetoka kwenye vumbi la mifugo. Kila neno lilisikika hadi nje. Ndoa, talaka, mbuzi waliokufa, sote tulikuwa tunajua.

Na palikuwa na sheria moja. Ukimaliza kusema lazima useme "ova" na uachilie kitufe, ndipo mwenzako aweze kujibu. Usiposema, mnabaki kimya pande zote mbili, kila mmoja akimngoja mwenzake. Nilikuwa nimewaona akina mama wakisahau, wakilia na kidole kimebana kitufe, na mwenye taar akiwaambia taratibu, "Mama, mwachie na yeye."

Adeer Libaan hakupatikana. Kila Alhamisi yule wa upande wa pili alisema amemtuma mtoto mtaani kwao, mtoto hajarudi, tujaribu wiki ijayo. Tulirudi nyumbani, na kesho yake alfajiri eeddo akavaa tena hedifoni mbele ya meza yenye meno.

Basi mimi nikafanya hesabu yangu. Sanduku la chuma, lipo. Taa nyekundu, ipo. Hedifoni, zipo. Vifundo, tele, kuliko hata vya mwenye taar. Eeddo alikuwa na taar yake mwenyewe chumbani na alimtafuta mume wake kila siku asimpate, na mimi, kwa akili zangu, niliona waziwazi kosa lake lilipo: hakuzungusha hata kifundo kimoja! Mwenye taar alizungusha mpaka jasho likamtoka. Eeddo alibonyeza tu, akafumba macho, akangoja. Atampataje mtu hivyo? Nilimwonea huruma kabisa. Nikaona hajui kuitumia, na hana wa kumwambia.

Asubuhi moja eeddo alikwenda kuteka maji na Ayeeyo alikuwa uani akichunga chungu. Nilitoa vikombe kimoja kimoja. Nilichomeka. Nilivaa hedifoni, zikanishuka hadi shingoni. Nikazungusha vifundo vyote, safu kwa safu, kushoto, kulia, kushoto, ulimi nje, mpaka vidole vikaniuma. Kisha nikainama nikasema kwa sauti ya mtu mzima, "Adeer Libaan, Adeer Libaan, huku ni Garissa. Rudi, eeddo anakungoja. Ova." Nikangoja. Nilingoja kwa adabu kabisa. Niliposikia bakora ya Ayeeyo nikachomoa, nikarudisha kitambaa na vikombe, moyo ukinidunda kwa furaha ya mtu aliyetenda wema kisiri.

Alfajiri iliyofuata eeddo alibonyeza meno yake matatu. Akafumbua macho. Akabonyeza tena. Akavua hedifoni akazitazama, akazivaa upya. Kumbe katika kuzungusha kwangu nilikuwa nimeifunga sauti yenyewe isitoke. Uso aliokuwa nao siwezi kuueleza hata leo.

Siku hiyo hiyo tulikipakia kwenye mkokoteni, tukakipeleka sokoni kwa Fundi Mutiso wa redio, mtu wa Kitui. Eeddo alikuwa na Kiswahili cha miezi michache.

"Fundi," alisema, "hii kinanda iko kimya. Sauti ya mzee yangu imebotea."

"Pole mama. Wacha tuangalie."

Alikifungua, akapiga mluzi. Alituita tuone. Ndani mlikuwa na mbao sita za nyaya zilizopangwa sawasawa. "Kina sauti sita," alituambia, "kila moja na ubao wake. Hazifanani kabisa, ndio maana zikiimba pamoja unasikia kama watu." Akapuliza vumbi, akakiunganisha na spika yake, akazungusha kifundo kimoja, akabonyeza. Kikalia kama ngamia anayekataa kutwikwa mzigo. Watoto wa sokoni wakacheka.

"Si hiyo hapo! Kizima kabisa, mama."

"Sauti iko," eeddo alisema. "Lakini sio yake."

Fundi akamtazama, kisha akavitazama vifundo. Alikuwa mtu mwema. Alimweleza polepole kwamba vinanda vya kisasa, kama cha kanisani kwao, vina kumbukumbu: unabonyeza namba, piano inatoka, unabonyeza nyingine, filimbi inatoka. Hiki ni cha kizamani. Hakikumbuki chochote. Sauti ni pale vifundo vilipokaa, basi; vikisogea imekwenda. Eeddo hakuelewa nusu ya maneno, akanigeukia mimi mwenye Kiswahili cha shule.

"Mwambie mama," fundi aliniambia, "kuna mtu amechezea hivi vifundo. Arudi nyumbani avirudishe sasa hivi, angali ana hiyo sauti masikioni. Akikaa siku nyingi ataisahau."

Hapo ndipo nilipoelewa. Si yote, lakini nilielewa kwamba nimeharibu kitu. Eeddo alikuwa ananitazama, anangoja maneno.

"Anasema ni joto," nilimwambia kwa Kisomali. "Anasema ungoje mvua zije, kutakuwa na baridi, itarudi yenyewe."

Na akaniamini. Kwa nini asiniamini? Alijua joto lilikuwa adui wa kitu kile. Akamshukuru fundi, tukarudi, akakifunika. Kwa majuma saba alitazama mawingu juu ya mto Tana kama mfugaji, na mimi kila nikimwona anatazama nilitamani ardhi inimeze.

Mvua hazikuwa zimefika Alhamisi ile jina letu lilipoitwa na mtu akapatikana kweli. Hakuwa Adeer Libaan. Alikuwa ndugu yake. Sauti ilikuja ikizama na kuibuka: "Shukri, subira ni ya Mwenyezi Mungu. Libaan tumemzika. Homa, siku tatu tu. Mama yake naye tulimzika kabla yake. Ova."

Eeddo alibonyeza kitufe. Hakusema neno. Mawimbi yalikata, chumba chote kikawa kimya, na kule upande wa pili mtu alikuwa anangoja asijue kama amesikika. Wanawake barazani walikuwa wamesimama. Mwenye taar hakumharakisha. Baada ya muda mrefu alisema tu, "Mama."

"Ova," eeddo akasema, na akaachilia.

Nje wakasema inna lillahi wote pamoja. Mimi sikulia. Nilikuwa na uhakika kwamba nimemuua. Nilikuwa nimezungusha vifundo, nikaikata njia yake, akapotea huko ndani ya mfoko wa mawimbi na asipate pa kutokea. Hakuna aliyenieleza vinginevyo kwa sababu hakuna aliyejua ninachofikiri. Nilikuwa na miaka minane, na nililala na jambo hilo kila siku.

Eeddo alikaa eda kwa nguo nyeupe, miezi minne na siku kumi. Mvua zilikuja zikapita. Baridi haikurudisha kitu, na nilimwona akiinama juu ya meno yake matatu na kuinuka patupu, asubuhi baada ya asubuhi. Ayeeyo, yeye aliyekataa muziki, ndiye sasa aliyeketi mlangoni na tasbihi yake, na mgeni akija kumpa mjane pole alimwambia, "Shukri anapumzika, rudi baadaye." Hakusema kitu kingine juu ya meza yenye meno mpaka anakufa.

Siku moja sikuweza kuvumilia tena. Niliingia, nikasimama nyuma ya eeddo, nikamwambia yote kwa pumzi moja: taar, vifundo, fundi, uongo, na kwamba ni mimi niliyemuua Adeer Libaan. Alivua hedifoni taratibu. Nilifumba macho nikingoja kofi.

"Ulizungusha vingapi?"

"Vyote."

"Na ungempata, ungemwambia nini?"

"Nilimwambia. Nilimwambia arudi, unamngoja."

"Ukasema ova?"

"Nikasema."

Akaanza kucheka, akajifunika uso kwa shungi, na chini ya shungi kile kicheko kikageuka kilio. Alinivuta mapajani pake kama mtoto mchanga. "Homa ndiyo iliyomuua, eeddo," alisema kwenye nywele zangu. "Homa. Wewe ndiye pekee uliyemwita." Nililia mpaka nikalala hapohapo, asubuhi na mapema, na nguo yake nyeupe imeloa kwa makamasi yangu.

Tangu siku hiyo alianza kuzungusha. Kila alfajiri kifundo kimoja, kidogo, kwa ncha za vidole, akisikiliza, akitikisa kichwa. Nilidhani atakata tamaa. Mara moja alinivisha hedifoni, akaniambia, "Njoo usikie, nafikiri nimekaribia," nami nikazivua kabla hajabonyeza nikakimbilia uani. Niliogopa kumsikia maiti. Hakunilazimisha, na hakuniomba tena. Kisha nikaenda shule ya bweni, nikaolewa Nairobi, na kila niliporudi likizo chupa ya chai ilikuwa mahali pake. Sikuuliza. Ningeuliza tu! Ni jambo la kuvaa kitu masikioni kwa dakika moja, na nilikuwa na miaka thelathini ya kulifanya.

Siku ile ya nne ya msiba mpwa wangu alikuwa chumbani, kijana asiyebanduka kwenye simu, akaondoa vikombe na kitambaa, akapiga kelele kwamba ni sinthesaiza ya analogi, kinanda cha umeme cha kizamani, na wazungu wanazitafuta kama dawa. Nilimwomba atoke. Ndipo nilipokichomeka, taa nyekundu ikawaka, na ile harufu ikaja ikaniketisha sakafuni.

Nilipoinuka kusogeza uso karibu niliona nukta. Kando ya kila kifundo palikuwa na nukta ndogo ya wanja, ule wanja wa machoni aliokuwa akijipaka Ijumaa. Nyingine zilikuwa zimefutwa na kuwekwa upya mara nyingi hadi rangi ya chuma imechubuka. Alikuwa ametafuta miaka yote hiyo. Kifundo kimoja tu kilikuwa na nukta mbili zilizokaribiana. Hapo alikuwa bado hajaamua.

Nilingoja muda wa kuchemsha chai. Nikaweka kila kifundo kwenye nukta yake, safu kwa safu, polepole kuliko siku ile ya utotoni. Kile cha nukta mbili nilikiweka katikati. Hedifoni zilikuwa zimemomonyoka sponji, zikaacha unga mweusi mashavuni mwangu. Meno matatu sikuhitaji kuyakumbuka. Ndiyo pekee yaliyong'aa, mengine yote yamekuwa ya manjano.

Nikabonyeza.

Ilianza chini sana, kama watu kadhaa wanaovuta pumzi pamoja chumba cha pili kabla ya kusema jambo. Ikapanda polepole, ikakaa, ikatetemeka kidogo, haikulingana sawasawa, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilishika ukingo wa chuma kwa mkono mwingine. Sijui kama ndiyo. Sauti niliyoipoteza sikuwahi kuisikia, na aliyeweza kuniambia ndiyo au bado kidogo tumemlaza kwenye mchanga mwekundu upande wa pili wa mji. Namtaka. Nataka aingie na ndoo ya maji anikute hapa, aniambie niondoe mikono yangu.

Nikainama juu ya vifundo, mwanamke mzima mwenye watoto wanne.

"Eeddo Shukri, Eeddo Shukri," nilisema, "huku ni Garissa. Nimeisikia. Ova."

Nikainua vidole, nikangoja.